Kupiga picha nzuri za usiku kwa kamera ya kawaida: mwongozo kamili

Watu wengi wenye kamera ndogo huzima kamera jua linapozama. Wanaamini usiku ni wa wapigapicha wenye lenzi ndefu na mabegi mazito. Kwa maoni yangu wanaacha saa nzuri kuliko zote. Kamera ile ile inayotoa picha za chenga na ukungu saa mbili usiku inaweza kutoa picha safi kabisa ikipewa vitu viwili: muda wa kukusanya mwanga, na mahali pa kutulia. Karibu kila hatua iliyomo humu inatokana na hayo mawili.

Uwanja wetu wa mazoezi utakuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa Forodhani, bustani ya kando ya bahari, na vichochoro vilivyo nyuma yake. Nimepachagua kwa sababu ndani ya mwendo wa dakika chache unapata bahari inayotazama magharibi, majumba ya zamani yenye taa, wauza vyakula, vichochoro vyenye balbu moja, na giza lenyewe. Ukiwa Mombasa, Mwanza au kibarazani kwako, njia ni hizo hizo.

Ninaposema kamera ya kawaida ninakusudia ile ndogo ya mfukoni, au ile kubwa kidogo ya bei ya chini yenye lenzi iliyokuja nayo dukani, ya milimita 18 hadi 55. Mwenye simu atafaidika na karibu yote.

Kwa nini picha za usiku huharibika

Ndani ya kamera ya mfukoni, kipande kinachopokea mwanga kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.6. Kamera kubwa za kazi zina kipande cha milimita 36 kwa 24, ambacho eneo lake ni kama mara 30 ya kile kidogo. Mchana tofauti hiyo haionekani sana, kwa kuwa mwanga ni mwingi. Usiku ndipo inapojitokeza.

Ukiiachia kamera ijiamulie, itafanya moja kati ya mambo matatu. Itapandisha ISO, yaani itakuza ule mwanga mdogo iliopata, na picha ijae chenga. Au itaacha shata, yaani kipazia kinachopitisha mwanga, wazi muda ambao mkono hauwezi kutulia, na kila taa igeuke mstari. Au itarusha flashi. Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 au 4 tu, na kila umbali unapozidi maradufu mwanga wake hubaki robo. Matokeo yake unayajua: uso wa rafiki yako umeng'aa kupita kiasi, na Ngome Kongwe iliyokuwa nyuma yake haipo.

Zipo hesabu tatu za kukaa nazo kichwani. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 200, unahitaji nusu ya muda wa shata. Ukifika 400, robo. Namba ya tundu la lenzi inapokuwa ndogo, tundu huwa kubwa: f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Na ukizumu, lenzi nyingi za bei ya chini hupunguza tundu zenyewe bila kukuuliza. Ile ya 18 hadi 55 hufunguka f/3.5 ikiwa pana, lakini ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6, yaani umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga. Kwa hiyo usiku usizumu. Sogea kwa miguu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na lenzi. Alama ya kidole ambayo mchana huioni, usiku huzungusha ukungu kwenye kila taa. Pwani kuna chumvi ya bahari pia, na Forodhani kuna moshi na mafuta ya majiko. Pulizia vumbi kwanza, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini cha miwani. Pindo la shati lina vumbi linalokwaruza, liache.

Kama ulikuwa chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa hivi baada ya kutoka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kioo baridi kikikutana nayo hutoka jasho. Kufuta hakusaidii, unyevu hurudi palepale. Subiri joto lilingane.

Kisha ingia kwenye menyu ukiwa bado na mwanga wa kuona vitufe, ufanye haya:

Zima flashi. Zima zumu ya kidijitali, ambayo kazi yake ni kukata picha na kuikuza tu. Zima tarehe inayochapwa pembeni mwa picha, maana zile namba za rangi ya chungwa haziondoki. Weka ubora mkubwa wa picha, na kama kamera ina faili ghafi, RAW, washa zihifadhiwe pamoja na JPEG. Kwenye simu, zima urembo unaolainisha na kung'arisha ngozi. Usiku huo urembo hufuta sura za watu, na rangi ya ngozi zetu haihitaji kusahihishwa na programu.

Punguza mwanga wa kioo cha nyuma hadi nusu au chini yake. Hili wengi hawalijui. Gizani kioo kinachong'aa hufanya kila picha ionekane nzuri, na ukifika nyumbani unakuta zote ni nyeusi.

Chaji betri ijae. Shata ikikaa wazi sekunde nyingi na kioo kikiwaka jioni nzima, betri huisha mapema kuliko mchana.

Kuituliza kamera

Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini Mji Mkongwe umejaa stendi za mawe. Kila baraza mbele ya nyumba ni mahali pa kuweka kamera. Ukuta wa bahari pale Forodhani vilevile, ngazi pia, hata meza ya plastiki kama hakuna anayeitikisa. Tatizo la baraza ni kwamba kamera inatazama mbele tu wakati wewe unataka kuinua lenzi kidogo. Kunja kanga au leso, iweke chini ya lenzi, na uiongeze au uipunguze hadi mstari wa upeo unyooke.

Mfuko wa maharage ni bora zaidi. Jaza kifuko cha kitambaa nusu kilo hivi, ukishone. Unatua kwenye kingo ya ukuta, unashika umbo la kamera, hautetereki kwa upepo.

Pale pasipo kitu cha kuegemea kuna njia ya kamba. Tundu lililo chini ya kamera ni la skrubu ya robo inchi. Nunua boliti fupi ya kipimo hicho chenye meno yanayoingia bila kulazimisha (nenda na kamera ili uijaribu), funga kwenye boliti hiyo kamba ngumu yenye urefu wako, kaza boliti kwenye kamera, kanyaga upande wa chini, kisha vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Mikono hutulia kwa namna ya kushangaza. Haitakupa sekunde nne, lakini pale ulipokuwa unaweza shata ya 1/30 ya sekunde utaweza 1/10.

Ukishika kwa mkono mtupu, bana viwiko ubavuni, egemea ukuta au nguzo, toa pumzi nusu, bonyeza taratibu. Piga picha tatu au nne mfululizo. Ya kwanza mara nyingi imetikiswa na kidole kinachobonyeza. Ile ya katikati ndiyo huwa safi.

Kamera ikiwa imetua juu ya kitu, weka taima ya sekunde 2 ili kidole kiwe kimeondoka shata inapofunguka. Na kama ina kizuia mtikisiko, kizime wakati huo. Kwenye kamera nyingi kifaa hicho, kikikosa mtikisiko wa kuuzuia, huanza kutafuta na kuleta mtikisiko wake chenyewe. Usisahau kukirudisha ukishika tena kwa mkono.

Saa ya kupiga: kati ya magharibi na isha

Kama ungechukua jambo moja tu humu, ningependa liwe hili. Picha nzuri za usiku hazipigwi usiku wa manane. Hupigwa wakati mbingu bado ina buluu nzito na taa zimeshawaka, mwanga wa juu na wa chini ukikaribiana nguvu. Hapo majumba yana umbo, mbingu ina rangi, na taa haziunguzi picha. Baadaye mbingu inakuwa nyeusi tii, tofauti kati ya balbu na ukuta inakuwa kubwa kuliko uwezo wa kamera ndogo.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna shida moja: jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo kiza huingia haraka. Ulaya ya kaskazini buluu hiyo hudumu saa nzima na zaidi wakati wa kiangazi. Zanzibar unayo kama dakika ishirini.

Saa yake tunayo tayari, inaita kutoka misikitini. Adhana ya magharibi hutolewa jua linapozama, ambapo Zanzibar ni kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka. Dakika 15 baada ya adhana, anza kupiga. Kati ya dakika ya 15 na ya 35 ndipo buluu inapokolea. Kwenye dakika ya 45 hivi imekwisha, na inapoadhiniwa isha, zaidi ya saa moja tangu magharibi, ni usiku kamili. Mwenye kuswali magharibi msikitini kwanza bado anaiwahi, mradi kamera iwe imeshaandaliwa.

Fika kabla ya jua kuzama, tafuta mahali pako, panga. Wakati huo ndipo vijana wa makachu wanaruka baharini kutoka ukutani, na hiyo ni picha ya aina yake: pima mwanga wa mbingu iliyo nyuma yao, weka shata 1/500 au ya kasi zaidi, na miili yao itatoka kama vivuli vyeusi angani. Jua likishazama usijaribu tena. Kamera ndogo haina kasi hiyo kwenye mwanga huo.

Mawingu yasikukatishe tamaa. Baada ya mvua ni bora zaidi, kwani mawe yaliyolowa hurudisha taa na sakafu nayo inapata mwanga.

Picha ya kwanza, hatua kwa hatua

Tuseme umeweka kamera kwenye ukuta wa bahari ikitazama majumba ya mbele ya mji: Ngome Kongwe, na Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 zama za Seyyid Barghash, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo chagua pembe kulingana na hali utakayoikuta.

1. Geuza gurudumu la juu hadi M, yaani modi ambayo mipangilio unaiweka mwenyewe, kama lipo. Weka ISO 100. Kamera imetulia, huna sababu ya kununua chenga.

2. Weka tundu f/4 au f/5.6. Kwenye kamera ya mfukoni tumia namba ndogo iliyopo, kwa kawaida f/2.8 au f/3.5, maana kwa udogo wa kipande chake cha mwanga, vitu vya karibu na vya mbali vyote vitaonekana sawasawa.

3. Lenga. Gizani kamera hutafuta fokasi huku na huko isiipate. Ielekeze mahali mwanga unapokutana na giza: ukingo wa dirisha lenye taa, maandishi ya bango, mstari wa paa. Bonyeza nusu hadi alama iwe ya kijani. Ikishindwa, mwenzako amulike ukuta kwa tochi ya simu, ulenge, kisha azime. Kwenye lenzi yenye swichi ya AF (kamera ijilengee) na MF (ulenge kwa mkono), ukishapata fokasi hamishia MF ili isianze kutafuta upya.

4. Anza na sekunde 1. Piga kwa taima.

5. Tazama picha kwa kuikuza kwenye kioo. Usitazame picha nzima, tazama taa na vivuli. Taa zikiwa mabaka meupe yasiyo na umbo, punguza hadi nusu sekunde. Vivuli vikiwa vyeusi bila chochote ndani, nenda sekunde 2, kisha 4.

6. Piga tena kila baada ya dakika mbili tatu bila kusogeza kamera, ukiongeza muda kadiri kiza kinavyoingia: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Nyumbani utachagua ile ambayo mbingu na taa zimepatana.

Picha ya sekunde nyingi ikishapigwa, baadhi ya kamera hukaa kimya muda ule ule tena kabla ya kukuonyesha matokeo. Haijaharibika. Inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, ili ijue vidoa vyake yenyewe na kuviondoa. Iache imalize.

Ukigeukia baharini, ngalawa na majahazi yaliyotia nanga yanahitaji hesabu nyingine. Kamera imetulia lakini chombo kinayumba. Kwa sekunde 4 utapata mlingoti wenye vichwa vitatu. Pandisha ISO hadi 400 au 800 ili shata ishuke kwenye nusu sekunde au chini yake, na ubonyeze chombo kinapofika mwisho wa kuyumba, kabla hakijarudi.

Kama kamera yako haina M

Zipo njia. Tafuta kwenye modi za mandhari alama ya mwezi na nyota, au ya fataki. Modi ya fataki kwenye kamera nyingi hushusha ISO na kuacha shata wazi sekunde mbili hivi bila flashi. Ni ya fataki kwa jina, lakini majengo inayaweza vizuri kamera ikiwa imetulia. Kamera nyingine za mfukoni huficha kipengele cha shata ndefu ndani ya menyu, hadi sekunde 15. Kichunguze.

Jifunze pia kitufe chenye alama ya + na –. Kamera hudhani kila kitu mbele yake kina mwanga wa wastani, kwa hiyo usiku hujitahidi kuugeuza uwe mchana. Ukiona kuta zimekuwa za kijivu na taa zimeungua, shuka hadi –0.7 au –1. Kwenye simu gusa kioo juu ya taa, kisha buruta alama ya jua chini. Modi ya usiku ya simu hupiga picha nyingi na kuziunganisha, na ndivyo inavyopunguza chenga. Kwa hiyo iegemeze simu ukutani, usiishike hewani, na usiisogeze hadi imalize.

Wauza vyakula, na watu kwa jumla

Hapa utulivu wa kamera pekee hautoshi. Mtu anacheka, anageuza mishkaki, anasukuma muwa kwenye mashine. Unahitaji shata ya 1/60 angalau, na kuipata lazima ukubali chenga kidogo: ISO 800 kwa f/2.8, au 1600 kwa f/3.5. Picha yenye chenga na uso ulio wazi ni bora mara mia kuliko picha safi ya mtu asiyetambulika.

Siri ni kuufuata mwanga. Zunguka meza hadi uione balbu ikiwa upande wako au kando ya muuzaji, isiwe nyuma yake. Balbu ikiwa nyuma, kamera inaona mwanga mkali, inashusha kila kitu, na uso wenye ngozi nyeusi unazama kabisa. Ukiwa na balbu ubavuni, shavu moja linawaka na jingine linaingia kivulini taratibu, na ngozi inatoa rangi zake zote. Pima mwanga kwenye uso. Angalia mavazi pia: wapishi wa Forodhani huvaa kofia na koti jeupe, na weupe huo huungua haraka. Shusha –0.3 au –0.7, kisha uinue vivuli nyumbani.

Subiri tukio. Moto unaporuka mafuta ya mishkaki yanapodondokea makaa, kuna nukta ambapo mwanga wa jiko unaongezeka maradufu na uso wa mpishi unawaka kutoka chini. Anayegeuza pizza ya Zanzibar hurudia kitendo kile kile kila baada ya dakika chache. Itazame mara mbili, uipige ya tatu.

Taa za kisasa zina jambo lake. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Ukiona mistari ya giza inakata picha, weka shata 1/50 au 1/100. Kwa kawaida huondoka.

Kuhusu ruhusa sitafanya haraka. Salimia kwanza, nunua kitu kama unaweza, kisha omba: "Kaka, naomba nikupige picha na jiko lako." Mkubwa kwako anastahili shikamoo kabla ya kamera kuonekana. Akikataa, shukuru na uende. Wanawake na watoto usiwapige kwa kuvizia; kwa mtoto muulize mzazi. Mwezi wa Ramadhani, baada ya magharibi watu wako futarini, waache wale. Na popote ulipo, ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na viwanja vya ndege si vya kupigwa picha. Dar es Salaam hili ni la kukumbuka ukipita ufukwe wa Kivukoni kuelekea Magogoni, iliko ikulu.

Ukitaka picha ya rafiki yako na mji nyuma yake, ndipo flashi inapata kazi. Tumia modi yenye alama ya mtu na nyota. Flashi inamwangaza yeye, kisha shata inabaki wazi ili mandhari ya nyuma iingie. Mwambie asisogee baada ya flashi kuwaka, hapo ndipo wengi huharibu. Weka kipande cha tishu nyeupe mbele ya flashi ili makali yapungue na jasho la paji la uso lisimeremete. Kamera yenyewe bado inahitaji kuegemezwa.

Rangi za taa

Taa za barabarani za zamani za sodiamu hutoa rangi ya chungwa tupu. Taa mpya za LED ni nyeupe au zenye buluu. Zikichanganyika kwenye kichochoro kimoja, kamera inayojichagulia rangi huchanganyikiwa. Tafuta kipengele cha rangi, chenye alama za balbu, jua, wingu na mrija wa taa. Chagua balbu: rangi ya chungwa inatulia na mbingu inakuwa buluu zaidi. Chagua jua: kichochoro kinabaki na joto lake la njano kama unavyokiona kwa macho. Mimi hupendelea jua kwa vichochoro na balbu kwa bahari. Usihangaike kuufanya ukuta chini ya taa ya sodiamu uwe mweupe. Mwanga wake karibu wote ni rangi moja, rangi nyingine hazimo ndani yake za kurudishwa.

Kichochoroni tafuta taa moja, si tano. Jiweke mahali ambapo balbu yenyewe imefichwa na mlango au baraza, na mwanga wake tu ndio unaosambaa ukutani. Kamera kwenye baraza, ISO 100, sekunde 2 hadi 4. Mtu akipita akiwa anatembea atakuwa kivuli chenye mwendo, akisimama sekunde mbili kuzungumza na jirani atatoka wazi. Zote mbili ni picha nzuri.

Mistari ya taa za magari ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: f/8, ISO 100, sekunde 8 hadi 15, kutoka juu. Dar es Salaam daraja la waenda kwa miguu juu ya Barabara ya Morogoro linakuonyesha mabasi ya mwendokasi, daladala na bodaboda kwa pamoja. Tatizo lake ni kwamba daraja hutikisika watu wakipita, basi subiri wapite ndipo ubonyeze. Nenda na mwenzako, funga mkanda wa kamera kifundoni mwa mkono, usitandaze vifaa.

Mwezi na nyota

Mwezi ni jiwe lililopigwa na jua, kwa hiyo unapigwa picha kwa mipangilio ya mchana. Kwa ISO 100 anza na f/11 na 1/100, au f/5.6 na 1/400. Ukiuachia muda mrefu utakuwa tundu jeupe. Na usitegemee ukubwa: kwa lenzi ya milimita 55 mwezi unachukua kama sehemu moja kati ya arobaini na tano ya upana wa picha. Ufanye uwe sehemu ya mandhari. Siku ya mwezi mpevu unachomoza mashariki karibu na jua kuzama, kwa hiyo kwenye ile buluu ya baada ya magharibi unakuwa chini kabisa, juu ya maji, na mwanga wake unalingana na wa mbingu. Forodhani inatazama magharibi, hutauona ukichomoza baharini. Nenda Paje au Jambiani, au Coco Beach ukiwa Dar es Salaam. Ukikosa, rudi Forodhani alfajiri inayofuata uukute ukitua upande wa bara.

Nyota zinataka kinyume chake: siku za giza, mbali na taa. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi wa kamera kubwa unaolingana na wako, upate sekunde kabla nyota hazijaanza kuwa vistari. Milimita 24 inakupa sekunde 20 hivi. Lenzi ya 18 kwenye kamera ya bei ya chini inahesabiwa kama 29, yaani sekunde 17. ISO 1600, tundu wazi kabisa, fokasi kwa mkono kwenye taa ya mbali sana. Kuanzia Juni hadi Agosti, baada ya isha, sehemu nene ya ule mkanda mweupe wa nyota iko juu upande wa kusini. Hata kamera ndogo yenye sekunde 15 huiona.

Siku hizo hizo za giza wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na kule Mwanza Ziwa Victoria hujaa nukta za mwanga hadi upeoni. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa kuwa taa hazivutii dagaa. Kwa picha hiyo usizidi sekunde 1 au 2: mitumbwi inachezeshwa na mawimbi, na nukta zikigeuka mikunjo picha imepotea.

Kuchagua na kurekebisha

Hamisha picha kwenye kompyuta au simu kabla ya kufuta chochote. Kioo cha kamera ni kidogo mno kwa hukumu. Kuza kila moja, acha zilizotikisika, bakiza zilizo wazi.

Programu ya bure kama Snapseed inatosha. Nyoosha upeo kwanza, maana bahari iliyoinama huudhi jicho kabla ya lolote. Shusha mwanga mkali, inua vivuli kidogo tu: ukivilazimisha chenga zote zilizojificha hutoka. Kuondoa chenga nako kufanywe kwa kiasi, la sivyo kuta za matumbawe za Mji Mkongwe zitakuwa laini kama zimepakwa plastiki. Acha vivuli fulani vibaki vyeusi. Ni usiku.

Kama ulipiga picha nne za mandhari ile ile bila kusogeza kamera kwa ISO ya juu, programu inayoweza kuziwekeana juu na kutoa wastani, kama GIMP, itapunguza chenga hadi nusu.

Ukitaka kuchapisha, iongezee picha mwanga kidogo kuliko inavyoonekana nzuri kwenye kioo. Karatasi haiwaki, na picha za usiku hutoka studio zikiwa na kiza zaidi ya ulichokiona. Toa nakala moja ndogo kwanza, itazame kwenye mwanga wa dirishani, rekebisha, ndipo uagize ile kubwa.